Mkorosho wa Kumi na Mbili

Ukisimama kwenye mlango wa nyumba yangu hapa Newala, unaona mikorosho kumi na miwili imepangwa mstari mmoja mpaka mpakani kwa jirani. Marehemu mume wangu aliipanda kwa kamba. Alikuwa mtu wa kamba yule, hata kuni alitaka zipangwe zinyooke. Mkorosho wa kumi na mbili ulipigwa radi ukabakiwa na tawi moja tu, limeinama kama mtu anayeokota kitu chini. Tangu afariki nimekuwa na tabia ya kuihesabu miti ile kila asubuhi, nikishaswali na kabla sijawasha moto. Si kwamba nimesikia kuna mwizi wa mikorosho. Naisalimia tu.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, niliishia kwenye mkorosho wa saba.

Sikushtuka. Mwezi wa sita huku kwetu ni mwezi wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mashine za kupulizia zinanguruma mashambani tangu alfajiri, unga wa njano unapanda juu ya mikorosho, kisha unashuka na kuingia puani, kwenye uji, kwenye nguo zilizoanikwa. Kila mtu macho mekundu. Ukikutana na mwenzio njiani anatiririkwa machozi, humuulizi amefiwa na nani. Mnanawa, mnasema "salfa hiyo", mnaendelea na kazi. Kwa hiyo ukungu ulipoingia machoni mwangu nami nikasema hivyo hivyo. Nimeishi na salfa miaka mingi kuliko nilivyoishi na mume, kwa hiyo niliona naijua.

Mwezi wa nane mashine zilishanyamaza, mvua ndogo ya kuokoteza ilishaosha majani, na mimi nahesabu naishia wa nne. Nikasema salfa ya mwaka huu ilikuwa kali. Jirani yangu, mwanamke tuliyeolewa naye huku mwaka mmoja na ambaye hajawahi kunipinga kwa jambo lolote la kijinga, akasema hata yeye aliisikia ukali wake. Akanishauri ninawe kwa chai ya rangi ya mchaichai iliyopoa. Nikanawa wiki nzima. Macho yakanuka mchaichai, miti ikabaki minne.

Kilichoniumbua ni korosho zenyewe. Nataka ujue kwamba mimi sikuwahi kurudishiwa gunia. Tangu enzi za ujana wangu, korosho zangu zikimwagwa mezani pale ghala la chama cha ushirika, karani alikuwa anawaita wengine waje watazame korosho zinavyochambuliwa. Nilikuwa naketi mkekani, natenga zenye madoa, natenga nyepesi, natenga zilizosinyaa, mikono inakwenda yenyewe huku mdomo unasengenya. Mwaka ule nilipeleka gunia la kwanza la msimu. Karani, kijana niliyemjua tangu anabebwa mgongoni, akalifungua, akachota, akamwaga mezani. Akachota tena kutoka chini zaidi. Kisha akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, leo alichambua nani?"

Angenitukana ningeweza kumjibu. Nilisema nilichambua mimi. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na watu wa foleni macho yao hayana pazia. Nikarudi nyumbani na gunia langu juu ya bodaboda, nimelikumbatia ili mtu asilione vizuri, kana kwamba gunia la korosho linaweza kufichwa kwa mikono miwili ya bibi.

Kabla sijafika, habari zilishateremka mpaka Masasi, kwa mwanangu wa kwanza. Ana duka la vifaa vya ujenzi kule, ana miaka hamsini, ana tumbo la heshima na neno la mwisho katika kila kikao cha ukoo. Jumapili akapanda basi akaja. Nikampikia chai. Akatia vijiko vinne vya sukari, akakoroga, akaishika simu mbali na uso wake, mkono umenyooka wote, akasoma alichokuwa anasoma. Halafu akasema yaliyomleta.

"Mama, tumezungumza na wadogo zangu. Chumba kiko tayari. Utakaa, utakula, utapumzika. Shamba nimeshapata mtu wa kulitunza."

"Nani amekuambia nimechoka?"

"Mama, umri umekwenda. Hata macho nayo yanastaafu."

Niliwaka. Ningekuwa na kitu mkononi zaidi ya kikombe, sijui ingekuwaje. Mimi nimezaa sita na kulea wanne katika nyumba hii. Nimechota maji bondeni enzi zile bomba lilikuwa hadithi, nikipanda kilima na ndoo kichwani na huyo huyo anayeniambia nipumzike akiwa mgongoni. Shamba si kazi kwangu, ndiyo sababu ya kuamka. Kunitoa pale ukaniweka kwenye kochi kule Masasi nitazame ukuta nisiouona, hiyo si huruma. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Akainamisha kichwa, maana ni mtoto mwenye adabu, lakini hakubadili nia. Ubishi wake ni wangu mimi mwenyewe, naujua.

Mwishowe nikatoa masharti. Nitakwenda hospitali ya macho. Akija mwezi wa sita, wakati wa salfa, nami nikasimama mlangoni nisiweze kuufikia mkorosho wa kumi na mbili, nitafunga virago bila neno. Nikiufikia, habari ya chumba isisikike tena masikioni mwangu mpaka siku ya kuniosha. Tukapeana mikono.

Hospitali niliyokwenda ni ya misheni, bondeni, mbele ya Masasi. Walinitia matone yanayopanua mboni, nikakaa kwenye benchi dunia yote imekuwa nyeupe, nasikia sauti bila watu. Nesi wa macho alikuwa msichana mwenye sauti ya kwetu, ya juu huku Newala, na hilo lilinipa moyo mpaka alipoanza maswali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, unavuta sigara?"

"Sivuti. Nanusa."

"Ugoro?"

"Kidogo."

"Kidogo ni mara ngapi?"

Nikamuuliza amekuja kupima macho au pua. Akacheka, akaandika. Akauliza chai, nikasema vikombe vitatu kwa siku. Vijiko? Vinne. Kikombe cha ukubwa gani? Hapo nikajifanya sijasikia, maana kikombe changu kimefanana na kopo la kuogea. Akanitoboa kidole, akaangalia kile kimashine chake, akatoboa kingine. Uso sikuuona, lakini kimya chake nilikisikia.

Daktari alinieleza taratibu, na namshukuru kwamba hakunieleza kitoto. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, hilo linafanyiwa upasuaji na huwa linaona tena. La kushoto tatizo liko nyuma kabisa. Sukari imekaa kwenye damu miaka, imeharibu vimishipa vidogo vinavyolilisha jicho, vikavuja. Huko kilichopotea hakirudi. Wangelipiga miali ya leza ili kilichobaki kisiondoke nacho. Na upasuaji wa kulia hawaufanyi mpaka sukari ishuke, maana kidonda kinaweza kuharibika na nikapoteza vyote viwili.

"Sukari?" nilisema. "Daktari, nitazame. Mimi mwembamba kama mpini wa jembe. Ugonjwa wa sukari ni wa wenye vitambi."

"Bibi, huu ugonjwa hauchagui kwa kutazama tumbo."

"Na salfa je?"

Akasema salfa huwasha macho, na ni vyema kujifunika usoni, kuvaa miwani na kunawa. Lakini ikishaondoka hewani, uwekundu nao huondoka. Ukungu usioondoka na salfa si wa salfa. Nilikumbuka miezi yote niliyoisingizia salfa, na wiki ile niliyonawa kwa chai, na nilijichukia. Laiti ningekwenda mwezi ule ule wa sita.

Nikapewa vidonge na wiki sita. Nikarudi juu nikiwa na hasira ya kutosha kuendesha mashine ya salfa bila mafuta. Sukari nikaiacha siku ile ile. Usifikiri ni jambo dogo. Huku kwetu chai haiji ukaulizwa vijiko. Inakuja imeshatiwa sukari sufuriani, na kuikataa ni kumkataa aliyeipika. Nilikwenda kwenye hitima mtaa wa pili na chupa yangu ya chai ya mchaichai isiyo na kitu. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema nimeanza kuringa tangu niende hospitali. Mwingine akauliza kama ninaogopa kurogwa. Nikawaambia ndiyo, nimeogopa, na nikanywa changu mbele yao mpaka tone la mwisho.

Ugali nikaupunguza, mboga nikaziongeza: kisamvu, kunde, majani ya maboga. Ming'oko, mizizi ya porini ya huku kwetu, ambayo nilikuwa naila sufuria nzima nikiwa nimekaa barazani, nikaigawa kwa jirani. Ugoro nao nikauacha, isipokuwa wiki mbili za mwanzo ambazo sitazieleza. Vidonge nilimeza kwa saa. Wiki sita zikatimia, nikateremka hospitali kifua mbele, mkaidi niliyeamua safari hii kufaidi kabla ya Idi.

Nesi akanitoboa kidole. Akatoboa na kingine.

"Bibi, imepanda."

"Haiwezekani."

"Imepanda kuliko siku ile. Bibi, unakula nini?"

Nikamwapia. Nikamtajia kila kitu kilichopita mdomoni mwangu kwa wiki sita, tangu kisamvu hadi maji. Nikamwambia kimashine chake kibovu. Nilisema mengi, na kwa sauti, mpaka waliokuwa kwenye benchi wakageuka kunisikiliza. Yeye akangoja nimalize. Halafu, kwa sauti ile ya kwetu, akauliza, "Bibi, huko nyumbani si mnaokota korosho sasa hivi?"

"Ndiyo msimu wenyewe."

"Na mabibo?"

"Mabibo yamefanya nini?"

"Unayala?"

"Mabibo si chakula!"

Alicheka mpaka akaweka karatasi chini. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. Mwenye kuelewa mambo ya huku ameshaelewa. Korosho haianguki peke yake, inaanguka na bibo lake, jekundu au la njano, limejaa maji matamu. Unaokota, unanyonga korosho inatoka, bibo linabaki mkononi. Jua kali, koo kavu. Unalifyonza, unatupa makapi, unaokota jingine. Hakuna mtu katika uwanda huu wote aliyewahi kuhesabu mabibo. Ukimuuliza mtu aliyeshinda shambani amekula nini, atakwambia hajala kitu tangu asubuhi, na atakuwa anasema kweli yake. Mimi nilikuwa nimefika mbali zaidi: nilimwambia jirani kwamba sukari nimeiacha bila shida kwa sababu kiu ya utamu naikata kwa mabibo.

"Kesho," nesi akasema, "kila bibo utakalofyonza, korosho yake usiitupe kwenye ndoo. Ifunge kwenye pindo la kanga. Jioni zihesabu."

Nilifanya hivyo kwa ajili ya kumkomoa, nije nimwonyeshe tatu nne. Niliokota kama siku zote, sikujizuia, sikujilazimisha. Jua halijafika katikati, fundo la kanga lilikuwa limenilemea kiunoni, linanigonga paja kila nikiinama. Nikaenda nyumbani, nikalifungua mkekani. Zikamwagika, zikaendelea kumwagika. Sikuzihesabu. Nilikaa mbele ya rundo lile nikalia, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira tupu. Hasira kwamba adui niliyekuwa namtafuta kwenye salfa, kwenye mashine ya nesi na kwenye husuda za watu, nilikuwa namwokota kwa mkono wangu na kumtia mdomoni. Nyani haoni kundule, na mimi kwa macho yale hata la mwenzangu nisingeliona.

Kuanzia siku ile nilikwenda shambani na dumu la maji. Nilifyonza bibo moja tu asubuhi, kwa heshima ya miti, kisha basi. Jirani akasema nimeongezea wazimu juu ya upofu. Nikamwambia anyamaze ahesabu yake. Siku ya tatu alikuja amebeba fundo la kanga yake mwenyewe, akalimwaga mkekani kwangu, akakaa chini.

Sukari ilishuka. Haikushuka siku moja wala mbili. Ilishuka kama basi linavyoshuka mteremko wa kwenda Masasi, kwa kona na kwa breki, na kuna kona mbili ambazo nilidhani tunapinduka. Mwezi wa pili wakanilaza kitandani, wakalitia ganzi jicho la kulia. Nilisoma kila sura ninayoijua. Siku iliyofuata nesi akanifungua bandeji.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa uso wake. Kumbe ni mtoto kabisa, ana kidoti kidevuni, na alikuwa amekonda kuliko sauti yake. Nikamwambia aongeze kula. Nikatazama mikono yangu. Niliiacha ikiwa ya mwanamke wa makamo, nikaikuta ya bibi kizee, mishipa imesimama, kucha zimeingia utomvu wa korosho. Sikuipenda, lakini niliiona.

Jicho la kushoto halijarudi. Upande ule dunia ni kivuli chenye kingo, na mtu akinijia kutoka huko namsikia kabla sijamwona. Siku nyingine nakanyaga kuku. Wanaoniambia "shukuru Mungu una jingine" nawaitikia Alhamdulillah, kisha nawauliza wao wamepima lini. Wengi huaga mapema.

Mwezi wa sita mwanangu alikuja kama tulivyokubaliana. Alikuja na pikapu ya kuazima na dereva wake, na nyuma ya pikapu kulikuwa na kamba za kufungia kitanda. Nikaziona zile kamba kutoka jikoni. Tukasalimiana, akanywa chai yake, vijiko vinne. Nikasimama mlangoni.

"Moja," nikasema, "mbili, tatu," mpaka kumi na mbili.

"Mama," akasema kwa upole, "hiyo umeishika kichwani. Hata mimi naweza kuhesabu nikiwa nimefumba."

Alikuwa na haki. Akasema nigeuke, nikageuka. Nilimsikia akitembea kwenda na kurudi, anahema. "Haya. Kuna nini kwenye wa kumi na mbili?"

Nikageuka, nikatazama. "Shati lako la bluu. Umelitundika kwenye tawi la radi, na umelitundika kwa kola, litanyooka shingo. Na wewe umebaki na fulana iliyotoboka kwapani mbele ya dereva wa watu."

Dereva akacheka hadi akashika boneti. Mwanangu naye akacheka, akaketi kizingitini, akasema basi, mama umeshinda. Nyumba ilikuwa yangu. Lakini alipokwenda kulitundua shati lake nilimtazama akirudi kutoka kule mpakani, na kwa jicho langu moja jipya niliona anavyopapasa kwa mguu pale penye mzizi, mzizi aliokuwa anauruka tangu utotoni.

"Sasa zamu yako," nikamwambia. "Kuna nini kwenye wa sita?"

Nilikuwa nimetundika ungo pale tangu asubuhi, ungo mkubwa wa kupepetea. Akakunja uso. Akafikicha macho kwa kiganja, akatazama tena, akafikicha tena.

"Sioni vizuri, mama. Salfa tu hii."

Jirani alikuwa bado hajaanza kupuliza. Mashine yetu ilikuwa kwa fundi, na gunia la salfa lilikuwa chumbani kwangu, halijafunguliwa.

Niliingia ndani, nikatia chai ya mchaichai kwenye chupa, nikachukua daftari langu la hospitali na kanga safi. Nilipotoka dereva alikuwa anazikunjua kamba nyuma ya pikapu. Nikamwambia azirudishe, hakuna kitanda kinachotoka hapa leo. Kisha nikamshika mwanangu mkono, nikamwongoza mpaka kwenye gari lililokuja kunihamisha mimi, nikamfungulia mlango, nikamwambia apande.